Bibi Dobi Hana Vidole

9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwanza. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka peke yake bila kunisubiri. Mkeo hajambo? Watoto hawajambo? Yule mdogo ameacha kula chaki? Hapa wote wazima, na paa halijavuja tangu ulipotuma mabati. Asante, Mungu akuongezee.

Usinipigie simu kuhusu barua hii. Kwenye simu unasema "nakusikia, Shangazi", na mimi nasikia vidole vyako vinagonga kompyuta. Kwenye barua huna pa kunikatiza. Utanisoma mpaka mwisho.

Nataka kujua ni nani kati yenu huko wizarani aliyetunga hii sheria mpya ya posho ya wazee. Nitajie cheo chake tu, nimwombee. Juzi mkuu wa ofisi ya ustawi wa jamii hapa kwetu alikuja kwenye ukumbi wa kanisa saa ya chakula. Akasimama mlangoni na viatu vyake vinavyong'aa, anatazama wazee wanavyokula. Nikadhani ana njaa, nikamwambia karibu. Akasema, "Hapana, Mama, nimekuja kuhakiki." Kumbe anahakiki nani anatafuna. Hazikupita siku nyingi tukasikia kwamba mzee yeyote anayesaidiwa na taasisi nyingine hana posho. Taasisi nyingine ndiyo nani? Ni mimi. Ni sufuria yangu ya maharage.

Wewe unalijua jiko letu. Tangu nilipostaafu kupikia wale wanafunzi wa bweni, mikono ilikuwa inaniwasha kwa kukosa kazi, ndipo akina mama wa kanisa tukaanza kupika nyuma ya ukumbi. Sahani moja mchana kwa mzee asiye na mtu. Sahani moja. Sasa mnataka kuniambia kwamba mtu akila sahani moja mchana, tayari ana kodi ya chumba, ana dawa ya presha, ana sabuni, ana mafuta ya taa?

Bibi Dobi wetu wa ng'ambo ya mtaro ndiye amenikasirisha kuliko wote, kwa sababu hakasiriki. Unamkumbuka. Amefua mashuka ya hospitali ya serikali tangu hujazaliwa mpaka waliponunua mashine, na miaka yote hiyo walimlipa kama kibarua wa siku, kwa hiyo alipoondoka hakupewa hata asante ya karatasi. Watoto wake unajua waliko, makaburini wote wawili. Nilipomwambia jina lake limekatwa, alisema, "Haya," akaendelea kula. Nikamwuliza, "Haya ya nini?" Akasema, "Haya, nimesikia. Ulitaka nipige yowe na maharage mdomoni?"

Nieleze, mwanangu. Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mjinga.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wote hatujambo. Mdogo ameacha chaki, sasa anakula kona za vitabu. Mke wangu, ambaye hujiita mkeo wewe kwa jinsi unavyomdekeza, anakusalimu na anasema goti hilo lipelekwe kwa daktari, lisipelekwe kwenye maombi tu.

Umeuliza ni nani. Tulikuwa wanane mezani, Shangazi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sikuutunga mstari huo lakini nilikuwepo ulipotungwa. Sababu yake si ubaya. Pesa iliyopo ni kidogo, wazee ni wengi, na mtu mmoja akauliza tuanze na nani. Tukasema tuanze na wale ambao hawana mtu kabisa. Ukiwa mezani, jambo hilo linasikika kama haki. Sikujua kwamba huko chini litafika likiwa limevaa viatu vinavyong'aa na kusimama mlangoni mwa ukumbi wako.

Ila na mimi nina la kusema, usinikasirikie. Msaada wa mzee haupaswi kutegemea kama Mama Fulani ameamka na moyo mzuri. Leo mnapika kwa kuwa mavuno ni mazuri na sadaka inatosha. Mwakani je? Na mlaji lazima akae chini ya mahubiri kabla hajapewa kijiko. Nimekula pale nikija likizo, nakumbuka harufu ya chakula na sala isiyoisha. Bibi Dobi alifulia taifa zima mashuka. Anachodai si fadhila yenu, wala si fadhila yetu. Ni chake. Akipewa na serikali atakipokea bila kusema amina.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Mwache asile ukumbini kwa muda. Akishaonekana hasaidiwi na taasisi, aende ofisini, aandikishwe upya, aweke alama ya vidole, na posho itaanza. Baada ya hapo kula kwake ni shauri lake. Najua linavyosikika, lakini ndiyo njia ya haraka niliyonayo.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Hujambo wewe na nyumba yako. Mimi mzima kwa nje.

Ushauri wako niliusoma mara ya kwanza nikaukunja. Mara ya pili nikauona una akili. Mara ya tatu nikataka kukufuata huko na mwiko. Niliapa sitamwondolea mtu sahani, hata kama ni ujanja wa kumsaidia. Basi, kumbe sikuwa na haja ya kuapa, kwa sababu Mchungaji wetu mpya alinisaidia.

Huyu humjui. Ni kijana, ana sauti nzuri, na anatembea haraka kama mtu anayechelewa basi. Jumapili alisimama akatangaza kwamba kwa kuwa serikali sasa imejitwika mzigo wa wazee, kanisa halina budi kurudi kwenye kazi yake ya kwanza. Jiko litaendelea, lakini kwa waumini wanaohudhuria ibada tu. Wengine, alisema, ya Kaisari wamwendee Kaisari. Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kama mbuzi waliokubaliana. Baada ya ibada nilimfuata. Nikamwambia, "Mchungaji, Kaisari amewakatalia kwa sababu wanakula kwetu." Akasema, "Basi wasipokula kwetu atawakubali. Tunamsaidia Kaisari kutimiza wajibu wake, Mama."

Mwanangu, nilisimama pale nikaona wewe na yeye mmesoma darasa moja. Wewe unasema mwondoe ili serikali imchukue. Yeye anasema mwondoe kwa sababu serikali imemchukua. Na mtu mwenyewe bado yuko katikati, hajachukuliwa na yeyote.

Nilimweleza Bibi Dobi. Yeye si wa ibada, unamjua, anasema Mungu ana anwani yake. Akavaa ile nguo yake ya maua, tukaenda ofisini pamoja. Foleni ikapinda kona. Tulipofika dirishani, karani, binti mwenye adabu kabisa, akamwambia aweke kidole kwenye mashine. Akaweka. Mashine ikalia. Akaweka kingine. Ikalia. Akapaka mafuta, akafuta, akapuliza, akaweka vyote kumi kimoja kimoja. Mashine inalia tu kama mtoto mwenye tumbo.

Karani akatazama kioo cha kompyuta yake akasema, "Bibi, huna vidole."

Bibi Dobi akanyanyua mikono yote miwili mbele ya dirisha. "Na hivi ninavyokuonyesha ni uma?"

"Namaanisha alama, Bibi. Hazisomeki. Zimefutika."

"Zimefutika kwenye mashuka yenu. Nendeni mkazitafute hospitalini."

Foleni ikacheka. Binti naye akacheka, akajizuia. Akasema Bibi apumzishe mikono, arudi vidole vikipona. Vikipona, mwanangu. Magadi na maji ya moto vilianza kuila ngozi hiyo kabla binti huyo hajaota meno.

Sasa kwenye jiko hayupo, kwenye posho hayupo. Niambie anayefuata ni nani.

Shangazi yako


16 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa nimekuwa nikilala vibaya.

Jambo la vidole nililipeleka ofisini kwa mkurugenzi siku ile ile niliyopata barua yako. Kwa mwongozo ulivyo, asiyesomeka kwenye mashine anaweza kupewa kibali maalumu, lakini kibali kinasainiwa na mkurugenzi mwenyewe, na mkurugenzi yuko safarini kwenye mkutano wa kupunguza umaskini. Usicheke. Nimeshacheka mimi kwa niaba yako, peke yangu, chooni.

Ni wiki chache tu. Nakuomba, Bibi Dobi asionekane ukumbini wakati huu, hata kama akina mama wataamua kumfichia sahani. Yule mwenye viatu anarudi kuhakiki, na akimwona hapo, ombi zima linakufa na itabidi tuanze upya.

Na nikuombe lingine. Barua zako zinaniandika kama mtu anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka anakunywa chai. Shangazi, baba yangu, kaka yako mwenyewe, alipougua, akina mama wa kanisa walikuja kila jioni kumwimbia. Waliimba vizuri. Aliyemchoma sindano alikuwa muuguzi wa serikali, na dawa ilikuwa ya serikali, bure. Mimi nilikuwa mdogo lakini niliona nani alileta nini. Ndiyo sababu nilichagua kazi hii. Siifanyi kwa kukosa moyo.

Mwanao


7 Mei

Mwanangu,

Hujambo.

Bibi Dobi ameanguka kwenye foleni. Jumatatu, asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa. Alikwenda mwenyewe kujaribu vidole tena, hakuniambia. Alipoanguka watu walidhani ameketi.

Nakuandikia kila kitu kwa sababu unapaswa kujua kila kitu. Nilikuwa nampelekea chakula nyumbani kwake. Alikataa. Alisema, "Mkuu wa viatu akinikuta na bakuli la mpishi wa kanisa, atasema nasaidiwa." Nikamwambia basi njoo ule kwangu usiku usionekane. Akasema yeye si mwizi wa kula gizani, na isitoshe anakula kwa mpwa wake upande wa sokoni. Kila mchana nilimwona anatoka, nguo ya maua, kikapu mkononi, anafunga mlango, anakwenda kwa mpwa. Nikasema afadhali. Nilishukuru hata, nikalala vizuri.

Mpwa alihama mwaka jana. Bibi alikuwa anakwenda kuketi kwenye baraza la hospitali, palipo na kivuli, mpaka saa ya kula ipite. Kisha anarudi na kikapu chake. Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniambia. Alikuwa anamwona kila siku akadhani ana mgonjwa.

Wamempa kitanda na maji ya dripu, bila kutudai kitu, hilo nalisema ili nisikudhulumu. Kaka yangu walimtunza vizuri, na huyu wanamtunza vizuri. Lakini hospitali yenu haina chakula. Mgonjwa analetewa na wa kwao. Nikaenda ukumbini nikapakua uji. Mzee wa kanisa, yule fundi seremala mwenye ndevu, akasimama mbele yangu. "Mama, huyo si wa orodha ya waumini. Ukimpa huyu, kesho tutawapa wote."

Nikamwambia, "Ndiyo. Kesho tuwape wote."

"Hivyo siyo tulivyokubaliana."

"Nani alikubaliana? Mimi nilikuwa nakoroga."

Nikaweka funguo za jiko juu ya meza, nikachukua bakuli langu, nikaondoka. Nimepika pale miaka mingi, mwanangu. Niliposhuka ngazi sikujua mikono niiweke wapi.

Wewe ulisema wiki chache tu. Mchungaji alisema Kaisari. Na mimi niliona kikapu nikaamini kina chakula. Usiniandikie kama huna la maana.

Shangazi yako


18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ulisema nisiandike kama sina la maana, ndiyo sababu umengoja.

Barua yako niliibeba mfukoni mpaka kwenye mkutano wa Jumatano. Mkurugenzi alikuwa amerudi. Alipouliza kama mpango wa posho unakwenda vizuri, mwenzangu alionyesha picha za michoro, mistari inapanda. Mimi nikasimama nikasema huko kwetu kuna bibi ameanguka kwa njaa akifuata maelekezo yangu. Mkurugenzi akasema, "Pole sana, lakini tusitunge sera kwa mtu mmoja." Nikamwambia hii tuliyonayo tuliitunga bila hata huyo mmoja. Mimi si mtu wa maneno hayo, unanijua.

Siku iliyofuata nilikwenda kusimama kwenye dirisha la ofisi yetu ya hapa mjini. Si la ghorofani, la chini, kwa wananchi. Nilikaa kutwa nyuma ya karani. Wafua nguo, waponda kokoto, wachoma chokaa, wachuma chai. Mashine ililia siku nzima. Karani alikuwa amejifunza kuizima sauti.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimetuma maelekezo kwa ofisi zote za wilaya, kwa saini yangu. Moja, sahani ya chakula haihesabiwi kuwa msaada. Mbili, asiyesomeka kwenye mashine atathibitishwa na mashahidi wawili wanaomfahamu, mmoja wa serikali ya mtaa na mmoja kiongozi wa dini wa mahali anapoishi. Mashahidi waje wenyewe, waseme kwa mdomo. Mkurugenzi hajasaini. Yuko safarini tena. Akirudi nitaitwa, najua.

Fanya haraka, Shangazi. Sijui mlango huu utakaa wazi mpaka lini.

Bibi Dobi yu hali gani? Na wewe?

Mwanao


5 Julai

Mwanangu mpendwa,

Salamu sana. Sasa nakusalimu kwa moyo wote. Mimi sijambo. Mkeo mwambie goti nimelipeleka kwa daktari, akalisifu kwa uvumilivu.

Bibi Dobi yuko kwangu. Hospitali walipotaka kumruhusu aende waliuliza ni nani atakayemchukua. Kanisa likasema serikali, ustawi wa jamii wakasema familia, na mimi nilikuwa nimechoka kusimama, nikasema leteni hapa. Sasa najuta kila asubuhi. Amehamisha vyombo vyangu vyote kwa madai kwamba nimevipanga kama mtu anayetaka kuhama. Anaamka kabla ya jogoo, anakohoa mpaka niamke, kisha anauliza, "Umeamka?" Anasema chai yangu ni maji yaliyosikia habari za majani. Sijawahi kuishi na mtu mgumu hivi, hata marehemu mume wangu, na huyo ulimjua.

Maelekezo yako yalifika. Mwenyekiti wa mtaa alikubali kuwa shahidi bila maneno, mama yake naye alifua. Kazi ilikuwa kwa Mchungaji.

Nilimkuta ofisini kwake anaandaa mahubiri. Hatukuwa tumesemezana tangu niache funguo. Akaniondolea vitabu kwenye kiti.

Nikasema, "Nahitaji shahidi."

"Wa jambo gani, Mama?"

"Kwamba Bibi Dobi yupo."

Akatabasamu, akidhani natania. Nikamweleza. Akazungusha kalamu. "Mama, kusimama mbele ya serikali na kumthibitisha mtu ni jambo zito. Huyu bibi si muumini wangu. Kwa kweli simfahamu."

"Unamfahamu sana. Ndiye uliyeniambia nimwondolee sahani."

"Sikumtaja yeye."

"Hukumtaja. Hata serikali haikumtaja. Hakuna aliyemtaja, Mchungaji, na ameanguka vile vile."

Nikasikia watoto wa kwaya nje wanagombania kiti. Nikaona ni kijana tu. Umri wako, labda chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Aliumia?" Nikamweleza habari ya kikapu na baraza la hospitali. Nilieleza bila kuongeza chumvi, haikuhitaji. Nilipomaliza akainamia tena karatasi zake, na mimi nikaenda zangu, nikijua nimepoteza siku.

Ijumaa tulikwenda ofisini, mimi, Bibi na mwenyekiti wa mtaa. Tulipokaribia dirisha nikamwona Mchungaji amesimama mwisho wa foleni kama watu wengine, anatokwa jasho ndani ya ile kola yake. Tukamwita mbele.

Karani, yule binti, akamwuliza, "Unamfahamu bibi huyu?"

"Namfahamu."

"Kwa namna gani? Natakiwa kujaza."

Mchungaji akamtazama Bibi, kisha akamtazama karani. "Alikuwa akila kwetu," akasema. "Nikaamuru aondolewe. Ndipo alipoanza kushinda njaa, mpaka akaanguka hapa mnapopanga foleni. Namfahamu kwa hilo."

Binti akabaki na kalamu hewani. "Sasa niandike nini? Niandike ni muumini wako?"

"Hapana. Andika jirani yangu."

Bibi Dobi hakumpa mkono wala hakulia, kama ulidhani atalia. Alimwambia, "Ulipaswa kuvaa kofia, mtumishi. Jua hili si la kichwa cha kijana." Kwake hayo ni maneno ya upendo, nimeanza kuyajua.

Ameingizwa. Posho itaanza mwisho wa mwezi. Mchungaji ameniletea funguo mwenyewe, nyumbani, na amekunywa ile chai inayotukanwa. Nilimpa masharti. Kwanza wanakula, na wote wanakula. Anayetaka kuhubiriwa abaki baadaye. Akasema wazee wa kanisa watakasirika. Nikamwambia waje wakasirike jikoni, kuna vitunguu vya kumenya.

Wewe je? Wamekuita?

Shangazi yako


23 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka mkeo akaniuliza nacheka nini. Nimemsomea habari ya kofia mara mbili.

Wameniita. Mkurugenzi hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitisha. Alisema nina moyo mzuri, na kwamba moyo mzuri una mahali pake, akanionyesha kwa mkono upande wa dirisha, nadhani alimaanisha makanisani. Nimehamishiwa wilaya ya mbali, kitengo cha usajili wa mikokoteni na baiskeli. Naripoti Septemba.

Hilo si baya sana. Baya ni hili. Maelekezo yangu yamefutwa. Walioingizwa kabla ya barua ya kufuta watabaki, kwa hiyo Bibi Dobi yuko salama, usimtie hofu. Lakini waliokuwa bado kwenye foleni wanarudi kwenye mashine. Sheria ya sahani nayo imerudi ilivyokuwa. Nimejaribu kila mlango, Shangazi. Wenzangu wananisalimia kwa huruma na kuharakisha kwenda chakula cha mchana.

Uliniuliza mwanzoni ni nani. Bado sina jina la kukupa. Kila ninayemfuata anasema si yeye, na ninaamini wanasema kweli, na hilo ndilo linalonimaliza.

Nina likizo Agosti kabla ya kuripoti. Naomba nije nikae kwako, kama Bibi Dobi atatoa ruhusa.

Mwanao


8 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Njoo. Kitanda kipo. Bibi alirudi kwake ng'ambo ya mtaro siku ile ile alipopokea posho ya kwanza, hata mlango hakufunga nyuma yake. Aliniachia nyumba kimya, nikakosa wa kugombana naye nikaanza kugombana na redio.

Barua yako nilimsomea, sikuona sababu ya kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na yule mponda kokoto aliyekuwa nyuma yangu?" Nikamwambia huyo hakuwahi. "Na mama wa chokaa, mwenye jicho moja?" Naye hakuwahi. Kisha akasema, "Nipe kiti chako."

Nikadhani anataka kuketi. Kumbe alikuwa anakibeba. Kesho yake asubuhi alikipeleka ofisi ya ustawi wa jamii, akamkalisha mponda kokoto mbele ya dirisha, na yeye akasimama kando. Karani akasema mfumo umefungwa. Bibi akasema hawana haraka, watangoja ufunguliwe. Wakangoja mpaka ofisi inafungwa. Siku iliyofuata alikuja na mama wa chokaa na wengine, na jua lile si la mchezo. Mimi nilikwenda kumgombeza. Nilipowaona wameketi chini kwenye vumbi, wengine na fimbo zao, nikarudi ukumbini kumwambia Mchungaji nimeshindwa naye. Akavua koti. Akaita kwaya, wakabeba mabenchi ya kanisa, yale marefu, wakayavusha barabara mchana kweupe wakayapanga uani pale kwa serikali. Mwenye viatu vinavyong'aa akatoka mbio. "Mchungaji, hii ni ofisi ya umma." Mchungaji akamjibu, "Na hawa ndio umma, wanaomba kuketi."

Sasa kila siku wanajaa. Wamekuja hata kutoka ng'ambo ya reli, sijui nani anawaambia. Saa ya chakula ilikuwa tatizo, maana akiondoka mtu kuja kula ukumbini anapoteza nafasi yake. Kwa hiyo nimehamisha jiko. Sufuria mbili kubwa ziko uani, chini ya bango lenu la wizara, na yule seremala mwenye ndevu anamenya vitunguu huku amenuna. Mwenye viatu alikuja kuniambia mahali hapa si pa kupikia. Nikamwuliza, "Sasa unahakiki?" Akatazama ile foleni, akatazama sufuria. Nikamwekea sahani. Akaipokea, akaenda kuila ndani. Jana aliwaandikia wakubwa wake kuomba maelekezo. Anasema haijawahi kutokea kitu kama hiki na hajui ajaze wapi.

Mimi sijui kitaishaje, mwanangu. Polisi wanaweza kuja, mvua inaweza kuja, maharage yanaweza kwisha. Bado nasema sheria yenu ni ya kipumbavu, na wewe utasema sahani yangu haitoshi, na tutagombana vizuri ukifika.

Ila ukifika usipitie nyumbani, hutakuta mtu. Sote tuko pale ofisini. Njoo na sahani yako, zimetupungukia.

Shangazi yako